Kona ya Wodi ya Wazazi

Mchoraji aliambiwa aifunike ile kona siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na kufikia saa sita alikuwa ameshaifunika. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: kwamba hakubishana hata nusu saa.

Kazi yake ilikuwa moja, na katika ofisi ile ya wasanifu majengo hakuna mwingine aliyeiweza. Wenzake walijenga majengo ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, ngazi kwa ngazi, mpaka jengo zima likasimama kwenye skrini, unaligeuza huku na huku kama kiberiti kiganjani. Lakini modeli ya kompyuta ni kitu kikavu. Kuta zake ni za rangi ya majivu, miti yake ya plastiki, na watu wake wametoa macho kama waliokufa wamesimama. Mteja akionyeshwa anakuna kichwa, halafu anaanza maswali. Kwa hiyo modeli ikiwa tayari ilipelekwa kwa mchoraji. Yeye alitafuta mahali pazuri pa kulitazamia jengo, akatoa picha moja ya mistari mitupu na nyingine ya vivuli peke yake, akaziweka tabaka juu ya tabaka, kisha akashika kalamu yake ya kompyuta na kupaka rangi za maji juu yake. Mezani hapakuwa na kikombe cha maji wala brashi, lakini ukiitazama skrini ungeapa karatasi imelowa. Rangi ilitambaa, ikajikusanya pembeni, ikaacha ule ukingo uliokolea kidogo unaobaki rangi ikikauka. Mteja akionyeshwa hiyo haulizi kitu. Anatabasamu.

"Mkono wako una dawa," bosi wake alizoea kumwambia, na kilemba hicho cha ukoka alikivaa miaka saba bila kukivua.

Bosi mwenyewe ofisi nzima ilimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alizungumza polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, na mpaka utoke mbele yake ndipo unagundua umekubali jambo ambalo hukulitaka.

Jumanne hiyo alikivuta kiti chake mpaka kwenye meza ya mchoraji. Kwenye skrini kulikuwa na korido ya wodi mpya ya wazazi, ya hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Korido ilitoka kwenye vyumba vya kujifungulia, ikaenda hatua kama ishirini, kisha ikapinda ghafla kuelekea chumba cha upasuaji. Pale ilipopinda palikuwa na nguzo nene, na mbele yake ukuta.

"Dada, hapa pananisumbua," Taratibu alisema. "Panaonekana pembamba."

"Ni pembamba. Mita moja na sentimita arobaini. Nimepima."

"Nani alikwambia upime?"

Hakuna aliyemwambia. Mchoraji alipima kwa sababu mwanamke ambaye yeye alitaka kumchora akisukumwa kitandani hakuenea kwenye kona.

"Unajua tumeongeza vyumba maalumu vinne," Taratibu aliendelea, kwa sauti ileile ya kubembeleza. "Nafasi lazima itoke mahali. Hiyo kona tutaiweka sawa baadaye, hii ni picha tu. Weka ua hapa, la kwenye chungu. Hapa acha mwanga uingie. Mbona nakufundisha, wewe unajua kuliko mimi."

Alijua kweli. Katika rangi za maji mwanga haupakwi. Mwanga ni karatasi iliyoachwa tupu. Ukuta usiotaka uonekane hauufuti, unauacha uyeyuke kwenye weupe, na jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe kwa namna linavyopenda. Basi akasogeza mahali pa kutazamia nyuma kidogo na juu kidogo, korido ikajinyoosha. Nguzo akaifunika kwa ua lenye majani mapana. Ule ukuta wa mbele akauacha uishie kwenye mwanga. Sakafu akaipa rangi ya asali. Badala ya mwanamke aliyelala kitandani akamweka mwanamke aliyesimama, amembeba mtoto mchanga, na muuguzi pembeni yake anacheka. Ilikuwa picha nzuri. Hata yeye aliipenda, na hilo nalo lilikuja kumtia hasira.

Kuna jambo ambalo Taratibu hakulijua. Mama mkwe wa mchoraji alikuwa mkunga. Alizalisha kwa miaka thelathini na mmoja katika wodi ya zamani ya hospitali hiyohiyo, akastaafu, na sasa alikuwa mmoja wa watu saba wa kamati iliyotakiwa kuchagua ramani ya wodi mpya. Mchoraji alinyamaza kazini asije akaambiwa anapendelewa, na akanyamaza nyumbani asije akaambiwa anapendelea. Alijiona mwadilifu sana.

Kamati ilikaa Ijumaa. Jioni yake mama mkwe aliingia nyumbani kwao bila hodi, kama kawaida yake, akavua viatu huku anacheka.

"Leo nimeuona mkono wako, mwanangu! Picha ilipotundikwa tu nikasema, huyu ni mkwe wangu."

Mume wa mchoraji, fundi wa lifti, akasogeza kiti. "Mmechagua ya kwao?"

"Sikiliza kwanza. Ofisi nyingine ilileta mipicha ya kompyuta, imekauka, utafikiri chumba cha maiti. Hii ya huyu, watu wote kimya. Mimi nikauliza, kitanda kinapita? Yule bosi wao akasema, 'Kinapita, Mama, bila wasiwasi.' Mwenyekiti akawa bado anasitasita. Nikamwambia, huyu aliyechora namjua, anakula nyumbani kwangu, hawezi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi, mikono ikanyooshwa."

Mchoraji alikuwa na sahani mkononi. Akaendelea kuifuta. Mama mkwe akampiga bega kwa furaha, akaenda jikoni kuangalia kama kuna chai.

Ilikuwa nafasi yake ya pili ya kusema, na wala hakuitumia.

Wiki mbili zilipita akijidanganya kwamba baadaye ni baadaye kweli. Ya tatu alimfuata kijana wa watu aliyeijenga modeli, mwanamume wa makamo waliyemwita Kipimo, baba wa watoto watano, ambaye bado alikubali kuitwa kijana ofisini kwa kuwa alikuwa mfupi.

"Ile kona ya wodi imerekebishwa?"

Kipimo alitazama mlangoni kwanza. "Michoro ya ujenzi imetoka jana."

"Nimekuuliza kona."

"Ileile. Moja na arobaini. Nilimwambia bosi kitanda hakikati kona hapo, akaniambia nisiiguse, vyumba vinne ndivyo vilivyotupatia kazi."

Mchoraji alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Taratibu na hakubisha hodi. Alimkuta anakunywa kahawa.

"Uliniambia baadaye."

"Nini baadaye, dada?"

"Usinifanye mtoto. Kona ya wodi. Kitanda kitakwama pale, na wewe unajua, na mimi ninajua, na Kipimo anajua."

Taratibu aliweka kikombe chini. Akatabasamu. "Watazoea. Wauguzi ni watu wa kuzoea. Wewe ni mchoraji, dada. Nenda kapake rangi."

Kama Taratibu angefoka, pengine mchoraji angemjibu. Ile sauti ya upole ndiyo iliyomwasha. Alirudi mezani kwake, akajaribu kufungua kazi nyingine, akajikuta anaikandamiza kalamu kwenye kioo mpaka ncha ikavunjika. Akachukua mkoba wake akaondoka, saa nane mchana, bila kuaga mtu.

Mama mkwe alikuwa sebuleni kwake anakunja nguo. Alikunja kihospitali: shuka zikawa mraba, kona kwa kona, hakuna kunyanzi. Mchoraji alimweleza yote akiwa amesimama. Hakujitetea, kwa sababu njiani alishajaribu kutafuta utetezi na hakuupata.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Ile Ijumaa nilipokuja kwako ninacheka, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa ninajua, Mama."

Shuka aliyokuwa ameishika ikamponyoka. Hakupiga kelele. Alianza kusema kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosema ndivyo maneno yalivyozidi kuwa makali.

"Wodi yetu ya zamani ina ngazi moja tu kabla ya chumba cha upasuaji. Moja! Aliyeijenga naye aliona ni kitu kidogo. Miaka thelathini na mmoja nimewanyanyua wanawake kwenye ngazi hiyo, watu wanne, tumeshika ncha za shuka, mtu anatokwa damu na sisi tunaambiana 'moja, mbili, tatu, nyanyua.' Unajua damu inatoka kwa kasi gani? Hujui. Wewe unajua rangi. Kuna mmoja alinishika hapa," alijishika kifundo cha mkono, "akaniambia, 'Dada, niwahisheni.' Hatukumuwahisha. Nilikubali kukaa kwenye kamati hii kwa ajili yake yeye. Nikakaa na wanaume wanaosinzia, nikavumilia. Halafu nyumbani kwangu, mke wa mwanangu! Mahali atakapokwama mwanamke anatokwa damu, wewe umechora ua."

"Mama, naomba..."

"Usiniombe kitu! Na mimi mpumbavu nikakudhamini mbele ya watu. Toka."

Mchoraji aligeuka. Alikuwa ameshashika kitasa.

"Unakwenda wapi?"

"Umesema nitoke."

"Nimesema hivyo kwa hasira. Kaa. Nina kazi na wewe, nikimaliza ndipo utoke."

Kamati ilikuwa ikutane tena Alhamisi, kuweka sahihi ya mwisho kabla mafundi hawajaanza kuchimba msingi. Asubuhi hiyo, saa mbili kabla ya mkutano, mkunga na mkwe wake waliingia kwenye ukumbi wa hospitali wakiwa na boksi la chaki na futi ya kupimia. Walisogeza meza zote ukutani. Mchoraji aliifungua modeli kwenye kompyuta yake ya mkononi, akawa anasoma vipimo, mama mkwe amepiga magoti sakafuni anachora. Hawakuongea lingine ila namba. Korido ikatokea, ukubwa wake kamili: ikaenda mbele, ikapinda, ikaenda tena. Pale penye nguzo wakaweka ndoo. Kwenye mistari ya ukuta wakapanga viti, kimoja kando ya kingine, migongo ndani. Kisha mama mkwe alikwenda wodini na kurudi na wauguzi wawili wanasukuma kitanda cha magurudumu, kile cha kila siku, tairi moja linalia.

Taratibu alifika na picha ya rangi za maji, ameikuza na kuitia fremu. Alipoona sakafu alisimama. Alipomwona mchoraji wake kando ya dirisha, tabasamu lilimkaa vibaya kidogo, lakini likabaki.

"Mheshimiwa mwenyekiti," mama mkwe alisema watu wote walipoketi, "kabla ya sahihi naomba dakika mbili." Akavua viatu, akapanda kitandani, akalala chali, mikono tumboni. Mwenyekiti, daktari wa makamo asiyependa vituko, aliweka kalamu yake chini. "Mimi ni mzazi. Mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Bosi, wewe ndiye uliyesema kinapita. Njoo unisukume."

Baadhi walicheka. Taratibu naye alicheka, akaja, akashika kitanda. Alisukuma vizuri kwenye sehemu iliyonyooka. Kwenye kona akageuza, na mguu wa kitanda ukagonga kiti. Akarudi nyuma, akaingilia upande mwingine. Ndoo ikaanguka. Akarudi tena, akajaribu kukiinua upande mmoja, jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Muuguzi mkubwa kati ya wale wawili alikuwa anatazama saa yake ya mkononi.

"Kiuhalisia, Mama," Taratibu alianza, polepole, kwa upole, "katika ujenzi huwa kuna..."

"Mimi natokwa damu hapa," mama mkwe alisema, macho yapo kwenye dari. "Wewe zungumza polepole tu."

"Dakika nne," alisema muuguzi.

Taratibu aliachia kitanda. Akajipangusa. Ndipo alipofanya kosa lake la mwisho siku hiyo: alimgeukia mwenyekiti na kusema kwamba kwa bahati mbaya picha ile ilitiwa chumvi na mchoraji, kwamba wasanii wana mambo yao, na ofisi itamchukulia hatua.

Mchoraji aliibeba kompyuta yake mpaka mbele, akaunganisha waya wa mashine ya kuonyeshea picha, na korido yake ya asali ikatokea ukutani, kubwa.

"Nimeichora mimi," alisema. Sauti ilitoka kali kuliko alivyotarajia, akaiacha hivyohivyo. "Hakuna aliyenishika mkono. Na nilijua. Sasa tazameni." Akazima tabaka la ua, nguzo ikatokea. Akazima mwanga; ukuta wa mbele ukarudi. Akazima muuguzi anayecheka, akazima mama na mtoto, akazima asali, mpaka ikabaki mistari ya modeli, myembamba, mikavu, na kipimo chake pembeni. "Ua aliliagiza yeye, Jumanne, saa nne. Aliniambia itarekebishwa baadaye. Baadaye yenyewe ni hii michoro mnayotaka kuitia sahihi leo. Ifungueni ukurasa wowote mtafute kama sentimita moja imeongezeka. Na wewe," alimgeukia Taratibu, "miaka saba umenifundisha kuficha kwa sauti nzuri. Hata kusema uongo huwezi kwa mkono wako, mpaka utumie wa mwingine!"

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Na hakupunguza. Watu wanasema walimsikia mpaka dirisha la kuchukulia dawa. Alimpa vidonge vyake vyote, vya miaka saba, vingine havikuhusu hata wodi, mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mama mkwe alikuwa bado amelala kitandani. Hakumtetea, hakumnyamazisha.

Sahihi haikuwekwa. Baada ya miezi miwili ramani ilirudi, vyumba maalumu vikiwa viwili badala ya vinne na korido imenyooka, mita mbili na nusu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Taratibu hakupoteza kazi ile. Alieleza kwa upole kwamba ofisi yake siku zote husikiliza maoni ya watumiaji, na gazeti moja likamsifu kwa kusikiliza. Mchoraji aliisoma habari hiyo mara mbili na kulitupa gazeti dirishani. Yeye alifukuzwa Alhamisi ileile, kabla hata hajafika mezani kwake. Vitu vyake vilikuwa vimeshatiwa kwenye boksi, na Kipimo ndiye aliyemletea mlangoni, hamtazami usoni.

Alianza kufanya kazi nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Kila aliyemletea modeli alimwambia mapema: nitaipaka rangi, ila vipimo nitaviandika juu ya picha, kwa penseli, vionekane. Wengi waliaga. Wachache walibaki.

Mama mkwe hakumsemesha. Alikuja kama kawaida, bila hodi, akakaa kwenye kiti chake, akazungumza na mwanawe peke yake. "Mwambie mkeo chai imepoa," alisema, na mkewe yupo hatua moja kutoka kwake, ameshika birika. Fundi wa lifti alikuwa kama waya wa simu katikati ya sebule. "Mama anasema chai..." "Nimesikia!" "Mkeo amesikia?" "Amesikia, Mama." Mara ya kwanza walidhani ni wiki moja. Ikawa miezi mitatu. Mchoraji aliona kwamba hana haki ya kulalamika, akalalamika vivyo hivyo, chumbani, kwa mumewe, mpaka mume akasema ataomba zamu za Jumapili, bora awe kazini.

Kisha Jumamosi moja mlango uligonga ukuta na mama mkwe akaingia na viatu vyake miguuni, ana bunda la karatasi kubwa kwapani. Alilibwaga mezani, juu ya kompyuta.

"Wodi ya watoto! Wanataka niipitishe Jumatatu. Hebu tazama herufi zenyewe, kama sisimizi. Hapa wameandika nini? Na hapa? Wanafikiri sisi ni wajinga, watatuletea mistari tu tuseme amina? Nimewaambia siweki hata kidole mpaka mtu anayejua kusoma haya madudu ayasome." Aligeuka huku na huku akimtafuta mwanawe wa kumwambia amwambie mkewe. Mwanawe alikuwa kazini. Akabaki anamtazama mchoraji, kifua kinapanda na kushuka.

"Na wewe mbona umenikodolea macho?" alifoka. "Mtu unaitwa msomi, karatasi ziko mbele yako saa nzima, hata futi hujachukua! Mlango huu una upana gani? Nakuuliza wewe!"

Ilikuwa miezi mitatu na siku tisa tangu amgombeze ana kwa ana. Mchoraji alivuta kiti haraka, akazikunjua karatasi.

"Upi, Mama? Huu?"

"Huo! Wewe huoni?"